Muuzaji Akinyamaza, Amedanganya?



Vijana wenzangu, leo tuongee habari ya biashara. Najua kuna mtu ataguna: frateri na biashara wapi na wapi? Lakini wengi wenu mmemaliza chuo, ajira hakuna, mmeamua kujiajiri kwa kile mnachokijua. Mmoja anapiga picha, mwingine anaoka keki, mwingine anatengeneza tovuti. Na wote mnakutana na swali lilelile: mteja wa kwanza nitampataje? Swali hilo lilinikuta na mimi likizo iliyopita nyumbani Morogoro, na namna nilivyolijibu sikuipenda. Ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu amesomea kompyuta na kazi anaijua, hilo nalisema mbele ya mtu yeyote. Alikuwa ameanza biashara ya kutengenezea tovuti wafanyabiashara wadogo wa mjini kwetu: gesti, saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi, shule za chekechea. Mtaji wake ni laptopu moja na bando la wiki. Ofisi hana, mteja hana. Akaniambia, "Kaka, wewe umesoma falsafa, maneno unayo. Niandikie tangazo la WhatsApp, halafu twende wote kwa wateja." Nikakubali kwa furaha. Nani asiyetaka kumsaidia mdogo wake?

Tangazo nililoandika lilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza: biashara isiyo na tovuti leo, kesho itafungwa. Ya pili: tumeshahudumia biashara nyingi hapa mjini. Ya tatu: tutahakikisha biashara yako inatokea ya kwanza Google. Nikaona nimeandika vizuri sana. Likasomeka kama matangazo mengine yote.

Jioni moja tukaenda kwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Ana gesti ya vyumba tisa, si mbali na stendi ya Msamvu. Ni mjane, na gesti hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake. Njiani mdogo wangu akanieleza kazi yenyewe inavyokwenda. Tulipofika tukakaribishwa chai, laptopu ikafunguliwa, mama akaonyeshwa tovuti za hoteli kubwa kubwa: picha zinang'aa, sehemu ya kuweka nafasi, kila kitu. Bei yetu, laki tatu na nusu. Mama aliangalia muda mrefu. Halafu hakumuuliza mdogo wangu. Aliniuliza mimi.

"Frateri mwanangu, mimi mambo haya siyajui. Wewe unasemaje, nifanye?"

Wakati huo nilikuwa najua mambo matatu ambayo yeye hakuyajua. La kwanza, wageni wake ni watu wanaoshuka kwenye basi usiku wamechoka, na vijana wa bodaboda ndio wanaomletea. Mtu wa namna hiyo hakai kusoma tovuti. Akitafuta kitu kwenye simu, atafungua ramani ya Google, na kuiandikisha gesti kwenye ramani ile ni bure. Mwanawe mwenyewe angeweza kuifanya kazi hiyo. La pili, laki tatu na nusu haikuwa mwisho. Jina la tovuti hulipiwa tena kila mwaka, na nafasi kwenye seva hulipiwa tena. Usipolipa, tovuti inazimika. La tatu, jina lile lingeandikishwa kwa baruapepe ya mdogo wangu, si ya mama. Siku wakikosana, tovuti inabaki mikononi mwa mdogo wangu.

Nikajibu, "Mama, dunia ya sasa ni ya mtandao."

Basi, niliishia hapo. Mama akaingia ndani, akarudi na laki moja na nusu ya kutanguliza.

Uongo rahisi na uongo mgumu

Usiku, wakati wa kuchunguza dhamiri kabla ya kulala, nilianza na lile tangazo. Sentensi ya pili haikunisumbua kuielewa: biashara nyingi tulizohudumia ni zipi? Hakuna hata moja. Huo ni uongo mtupu, na hauhitaji falsafa. Tunauita "kujibrandi", tunasema kila mtu anafanya hivyo, lakini Amri ya Nane haikuweka msamaha kwa stetasi za WhatsApp.

Sentensi ya tatu nayo niliielewa. Nafasi ya kwanza Google si mali yangu, sasa naiuzaje? Google wenyewe wanawaonya wenye tovuti wajihadhari na mtu anayewaahidi nafasi ya kwanza, kwa sababu hakuna awezaye kuihakikisha. Tulikuwa tunauza ahadi isiyo mikononi mwetu.

Sentensi ya kwanza ilinipa kazi kidogo zaidi. Je, kumtisha mteja ni dhambi? Si kila mara. Kama nyumba inaungua, kupiga kelele ni upendo. Lakini ile gesti haikuwa inaungua. Imesimama miaka mingi bila tovuti na watu wanalala. Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo. Hati hiyo haisemi kwamba matangazo ni maovu. Inakiri kwamba yana faida, yanawapa watu habari ya kuchagulia. Ila inadai mambo matatu: ukweli, heshima kwa utu wa mtu, na wajibu kwa jamii. Nikajipima kwenye lile la pili. Mtu huamua kama mtu pale anapotumia akili na uhuru wake. Tangazo linalompa habari linaisaidia akili yake kufanya kazi. Tangazo linalomtia hofu ya bure linataka alipe kabla akili haijaamka. Hapo nimemchukulia yule mama kama mlango wa kusukuma, wakati yeye ni mtu wa kuzungumza naye.

Lakini usingizi wenyewe ulikimbia kwa sababu ya ile sentensi ya mdomo. Dunia ya sasa ni ya mtandao: kuna uongo gani hapo? Nilijitetea kama wakili. Sikumdanganya. Alichoniuliza nilikijibu kwa neno la kweli. Yale mengine sikuulizwa, nilinyamaza tu. Muuzaji akinyamaza, amedanganya?

Ngano ya Rhodes na farasi kilema

Swali hili ni la zamani kuliko Kanisa. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia kisa. Kisiwa cha Rhodes kina njaa. Mfanyabiashara anafika na meli ya ngano kutoka Alexandria. Njiani ameona meli nyingine nyingi za ngano zinakuja. Awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke? Au anyamaze, auze kwa bei ya njaa? Cicero anasema wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, hawakukubaliana. Diogenes alisema muuzaji asidanganye, lakini halazimiki kusema yote. Kutokusema ni kitu kimoja na kuficha ni kingine. Antipater alisema tumezaliwa kwa ajili ya kufaana sisi kwa sisi, kwa hiyo mnunuzi ajue kila anachojua muuzaji. Cicero mwenyewe akawa upande wa kusema.

Karne nyingi baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino akalichukua swali hilohilo. Unaweza kutegemea mtakatifu atachagua jibu kali, lakini Thoma ni mtu wa kupima. Anasema mwenye ngano, akiuza kwa bei anayoikuta sokoni, hatendi kinyume cha haki akinyamaza habari ya meli zinazokuja. Ingawa angesema, au angepunguza bei, wema wake ungekuwa mkubwa zaidi. Lakini kasoro iliyofichika ndani ya kitu chenyewe, ile inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima aitaje. Anatoa mfano wa mtu anayeuza farasi kilema kana kwamba ni farasi wa mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara. Kasoro inayoonekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, haina ulazima wa kutangazwa, kwa sababu mnunuzi anaiona mwenyewe.

Asubuhi nikamweleza mdogo wangu hayo yote. Akanisikiliza vizuri, kisha akanibana. "Kaka, huyo Thoma wako yuko upande wangu. Ramani ya bure ya Google ni zile meli nyingine. Mimi nauza tovuti, na tovuti yangu haina kasoro. Kwa nini nimtangazie mama bidhaa ya mwingine?"

Nikiri kwamba nilikaa kimya kidogo. Hoja ilikuwa nzuri.

Sehemu moja ilikuwa nyepesi. Malipo ya kila mwaka, na jina la tovuti kuandikishwa kwa mtu mwingine, si meli zinazokuja. Hizo ni kasoro zilizo ndani ya kitu chenyewe na mama hazioni. Hata Diogenes angepata shida kututetea hapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapofafanua Amri ya Saba, inataja kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako miongoni mwa njia za kuchukua mali ya mtu isivyo haki. Tuangalie: Amri ya Saba, usiibe. Nilikuwa najiuliza kama nimesema uongo, kumbe swali lilikuwa pia kama nimeiba.

Sehemu ya ramani ilikuwa ngumu, na jibu langu ni hili. Watu wa Rhodes walijua ngano ni nini. Walijua inaliwaje na wana njaa kiasi gani. Hawakujua bei ya kesho tu. Yule mama hakujua kitu chenyewe ni nini wala kinafanya kazi gani. Hakutaka tovuti kwa ajili ya tovuti. Alitaka vyumba vijae. Kwa lengo hilo, kwa wageni wake wale wa usiku, tovuti yetu ilikuwa farasi kilema tuliyemwita wa mbio. Tena aliniomba ushauri. Mtu akishakuuliza "wewe unasemaje, nifanye?" na wewe ukafungua mdomo kujibu, umetoka kwenye kiti cha muuzaji, umekaa kwenye kiti cha mshauri. Mganga wa hospitali anayeuza dawa halafu akamwandikia mgonjwa dawa isiyomfaa, hatasema "nilikuwa mfanyabiashara tu".

Na kwangu mimi kulikuwa na jambo baya zaidi. Mama hakununua tovuti. Alinunua neno la frateri. Ule uaminifu anaoupa Kanisa, alioujenga kwa miaka ya jumuiya, novena na zaka, niliuacha utumike kama bango la biashara. Mdogo wangu hakuwa na mteja hata mmoja wa kumshuhudia, kwa hiyo akanileta mimi, na kanzu yangu ikashuhudia mahali pa wateja.

"Maadili hayalipi kodi"

Mdogo wangu alisema neno jingine ambalo sina haki ya kuliruka. "Kaka, wewe jimbo linakulisha. Mimi mwenye nyumba anakuja tarehe tano. Maadili hayalipi kodi."

Ni kweli. Ni rahisi kuwa mwaminifu kwa tumbo lililoshiba la seminari. Kwa hiyo msinisikie nikisema kwamba kutafuta faida ni dhambi. Thoma huyohuyo anasema mtu anaweza kufanya biashara kihalali akitafuta faida ya kiasi kwa ajili ya kutunza nyumba yake au kusaidia wahitaji. Paulo alishona mahema, Lidia aliuza nguo za zambarau. Na kujitangaza nako si majivuno. Ukweli una pande mbili: usiseme unaweza usichoweza, na usiseme huwezi unachoweza. Vijana wengi tuna unyenyekevu wa uongo. Mtu anatengeneza kazi safi halafu anasema "najaribu jaribu tu", mteja anakwenda kwa mwenye kelele. Hapo pia ukweli umepotea.

Wala huna wajibu wa kusema kila kitu. Si lazima umwambie mteja unapata faida ngapi, wala kwamba mtaa wa pili kuna anayefanya kwa bei ya chini. Kwamba wewe ni kijana, huna ofisi, ndiyo unaanza, hilo ni jicho moja la farasi, analiona. Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki: kuhusu kitu hiki na kazi anayokitakia, angejua ninachokijua, angelipa? Kama jibu ni hapana, basi nategemea giza lake ili nile.

Tena nisiwadanganye kwa ile sentensi tamu ya semina za ujasiriamali, kwamba uaminifu unalipa. Mara nyingine unalipa, mara nyingine unakutia hasara. Kant, kwenye kitabu cha mwaka 1785, anamzungumzia mwenye duka asiyempandishia bei mtoto mdogo, kwa sababu tu anatafuta faida yake mwenyewe. Kant anasema kitendo hicho ni sahihi, lakini hakijatoka kwenye wajibu. Nadhani hapo yuko sawa. Kama naambatana na ukweli kwa sababu unaleta wateja, siku uongo ukileta wengi zaidi nitahama.

Tulirudi

Tulirudi kwa mama Jumamosi ile. Mdogo wangu alikuja amenuna, lakini alikuja, na namheshimu kwa hilo. Nikamweleza mama mambo yote matatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama. Nisamehe."

Hakukasirika kwa sauti. Alirudishiwa pesa yake. Akampa mdogo wangu elfu thelathini ampigie picha za vyumba na kumwandikishia gesti kwenye ramani, kwa jina lake na namba yake mwenyewe. Kodi ya tarehe tano haikutimia. Nilimpa mdogo wangu kile kidogo nilichokuwa nacho, akakopa kingine, na siku mbili hatukuongea vizuri.

Kitu kimoja tulijifunza pamoja baada ya hapo. Tulikuwa tunafikiri kutafuta soko ni kutafuta maneno. Kumbe kunaanza na kuchagua mlango wa kubisha hodi. Tukakaa chini tukajiuliza: hapa Morogoro ni nani ambaye tovuti ni farasi wa mbio kwake? Siyo gesti ya wageni wa usiku. Ni anayepeleka wageni Mikumi au kuwapandisha milima ya Uluguru, ambaye mteja wake yuko nchi nyingine na anapanga safari miezi kabla, anataka kusoma, kuona picha, kulinganisha. Ni shule ya bweni ambayo wazazi wake wako mikoa mingine wanatafuta ada na fomu. Kwa watu hao huhitaji kutisha. Unaeleza kazi, unaandika gharama ya mwaka wa kwanza na ya miaka inayofuata kwenye karatasi moja, unaandikisha jina kwa baruapepe ya mteja, unamkabidhi nywila zake. Na ukiwa huna kazi ya kuonyesha, unatengeneza ya mfano na unaandika juu yake wazi: huu ni mfano.

Wiki kadhaa baadaye kijana mmoja anayetembeza wageni milimani alikubali. Sisemi ni zawadi ya uaminifu, maana angeweza kukataa na bado tungekuwa tumetenda lililo sawa kwa mama.

Kanisa sasa lina mtakatifu wa kizazi chetu aliyejua kazi hii. Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta yake kuwaonyesha watu miujiza ya Ekaristi. Tovuti kwake ilikuwa njia ya kumfikisha mtu kwenye kitu anachokihitaji kweli. Nadhani fundi wa tovuti Mkristo anaweza kujiuliza hivyohivyo, hata anapomtengenezea mwenye duka la saruji.

Yule mama bado ananisalimia vizuri baada ya misa. Bado ananiita frateri mwanangu. Lakini tangu siku ile hajaniomba ushauri wa kitu chochote, na sijamlaumu.

Kabla hujalala leo, jiulize haya:

1. Kwenye tangazo langu, kuna sentensi ambayo nisingeweza kuisoma kwa sauti mbele ya mteja anayejua ukweli wote?
2. Kuna mteja aliyelipa kwa sababu ya kitu nilichonyamazia? Naweza kumrudia?
3. Kuna mtu ananiamini kwa sababu ya imani yangu, kwaya yangu au kanzu yangu, nami nimeutumia uaminifu huo kuuzia?

Ee Bwana, uliyetaka ndiyo yetu iwe ndiyo, wabariki vijana wanaotafuta riziki kwa mikono na akili zao. Uwape wateja. Uwape ujasiri wa kusema wanachokiweza, na ujasiri mkubwa zaidi wa kusema ambacho mteja hajauliza. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.